Maradhi Yaliyotoka Ghalani

Katika mwezi wa Mei mwaka 2004 Wizara ya Afya ya Kenya, pamoja na wasaidizi wake, ilianza kuchungua maradhi ya ajabu katika wilaya za Makueni na Kitui. Watu walikuwa wakiugua ugonjwa wa manjano. Macho yao yaligeuka rangi, matumbo yaliuma na kuvimba, walitapika na kuishiwa na nguvu, na wengi katika hao walikufa. Ilipofika tarehe 20 Julai hesabu ilionyesha wagonjwa 317, na waliokufa walikuwa 125. Wagonjwa 148 walikuwa watu wa Makueni na 101 watu wa Kitui. Waliosalia walitoka Machakos, Thika na mahali pengine.

Ni desturi ya wanadamu kila mahali, waonapo watu wa nyumba moja wamelazwa na ugonjwa mmoja, kudhani kwamba mmoja amemwambukiza mwenziwe. Wako pia watajao uchawi. Wazo la kuambukizana si la kijinga, kwa kuwa yako maradhi mengi yaendayo hivyo. Kipindupindu hupita katika maji machafu. Kala-azar, iliyowashambulia watu wa Kitui katika miaka ya 1950, huchukuliwa na kidudu kidogo kiumacho, kipendacho kukaa katika vichuguu. Tena yako manjano yaletwayo na virusi viharibuvyo ini. Kwa hiyo iliwapasa madaktari kutafuta kwanza maradhi ya namna hiyo. Walipopima, waliona kwamba virusi vya ini sivyo vilivyokuwa chanzo.

Lakini lilikuwako jambo la kukumbukwa. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na nchi ya Makueni, watu 20 waliugua manjano na 12 wakafa, na sumu ikaonekana katika mahindi waliyokula. Basi mwaka 2004 nako mahindi yakapimwa, na jibu likapatikana. Adui hakuwa katika pumzi ya mgonjwa wala katika maji ya kisima. Alikuwa ghalani.

Sumu Isiyoonekana

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu, yaani ukungu, ambao wataalamu huuita Aspergillus flavus. Kuvu hii hukaa katika udongo wa mashamba yetu. Mimea ikiteswa na ukame, kuvu huingia katika punje zingali shambani. Na punje zikiwekwa zina maji, huzidi kumea. Ulimwengu uliitambua sumu hii baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa unga wa karanga ulioharibika. Mwaka 1974 watu wengi wa magharibi ya Bara Hindi waliugua na kufa kwa kula mahindi yenye kuvu, na mbwa wao waliokula makombo wakafa pia.

Mkulima apaswa kujua mambo matatu juu ya sumu hii. Kwanza, haionekani kwa macho; mahindi yaweza kuonekana safi nayo yana sumu. Pili, moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ulioiva vizuri wabaki na sumu yake. Kukoboa mahindi, kama akina mama wa Ukambani wafanyavyo watengenezapo muthokoi, hupunguza sumu kwa kuwa nyingi hukaa katika ganda, lakini hakuimalizi. Tatu, haina dawa ya kuipinga mwilini. Ikiwa nyingi huua ini kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini.

Mahindi Yenye Maji Ndani ya Nyumba

Sheria ya Kenya wakati ule iliruhusu mahindi yenye sumu isiyozidi sehemu 20 katika kila sehemu bilioni moja. Wachunguzi walikwenda katika masoko 65, wakanunua mahindi na unga kwa wauzaji 243, wakapata vifurushi 350 vya kupima. Zaidi ya nusu, yaani 55 katika kila mia, vilizidi kipimo hicho. Saba katika kila mia vilizidi sehemu 1,000. Mahindi mengine yalikutwa na sehemu 4,400, yaani mara 220 ya kipimo cha sheria.

Wachunguzi waliwauliza pia wagonjwa 40 na majirani wazima 80 habari za chakula chao. Tofauti ilionekana wazi. Waliougua ndio zaidi waliokuwa wameweka mahindi yenye maji ndani ya nyumba zao. Mahindi yale yalivunwa mwezi wa Februari, mvua ikinyesha kabla ya majira yake. Jua la kuanikia halikuwapo. Tena njaa ilikuwa karibu, na si ajabu mwenye magunia machache kutaka kuyalaza pale alalapo mwenyewe, wezi wasiyafikie. Nyumba ina joto na haina upepo, na kuvu yapenda mahali kama hapo. Hivyo tendo la mzazi mwangalifu, la kukilinda chakula cha watoto, ndilo lililokitia sumu.

Tangazo na Gunia

Hapa ndipo twapata fundisho kwa kila serikali na kila kijiji. Tangazo lilitolewa kwamba mahindi yenye kuvu yasiliwe. Maneno hayo ni mepesi kuandikwa juu ya karatasi na mepesi kusomwa katika baraza. Lakini mfikiri mama mwenye watoto watano na gunia moja tu, na mavuno mengine yako mbali. Aambiwa alitupe. Kesho atapika nini? Wahenga walisema kwamba mwenye njaa hana miiko, nao walisema kweli. Atachagua sumu asiyoiona kuliko njaa aijuayo.

Kwa sababu hiyo kazi iliyofaa zaidi ya mwaka ule ilikuwa kuleta chakula kingine mahali pa kile kilichokatazwa. Serikali iligawa chakula katika sehemu zilizoshambuliwa, na wakaguzi wakatazama mahindi ya masokoni. Tangazo likifuatana na gunia husikiwa. Tangazo likija peke yake, mahindi mabaya hufichwa, au huuzwa kwa mtu wa mbali asiyejua yametoka wapi, na hatari huhama tu kutoka jiko moja mpaka jiko jingine. Mtu amwonaye mkaguzi kuwa ni mwizi wa chakula chake hatamfungulia ghala. Amwonaye kuwa mbadilishaji, atamwita mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba jambo hili lilikwisha mwaka 2004. Ugonjwa ulirudi mwaka 2005 na 2006 katika sehemu zile zile. Mwaka 2010 Serikali ilitangaza kwamba magunia milioni 2.3 ya mahindi hayakufaa kuliwa wala kuuzwa. Siku hizi kipimo kimepunguzwa mpaka sehemu 10 katika bilioni, na kazi nyingi za afya na kilimo zimo mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka 2013. Basi Kitui na Makueni zina uwezo wa kujitayarisha karibu zaidi na mkulima kuliko zamani, kwa vikaushio, kwa vipimo, na kwa akiba ya chakula cha kubadilishia.

Kazi ya Mkulima

Yako mengi ambayo mkulima aweza kuyafanya bila kungoja mtu. Vuna mara mahindi yakomaapo. Usiyaanike juu ya udongo mtupu, kwa maana kuvu imo humo. Tandika turubai au mkeka. Chagua na kutenga punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu. Ghala na liinuliwe juu ya miguu, lipitishe upepo. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini kwa mahindi makavu tu.

Ukitaka kujua kama yamekauka, twaa chupa kavu yenye kifuniko, utie chumvi kavu kidogo pamoja na mahindi, utikise vizuri, kisha uiache robo saa. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, rudisha mahindi juani. Isipogandama, yafaa kuwekwa.

Iko tena njia mpya, iliyosajiliwa nchini mwaka 2015 kwa jina la Aflasafe KE01. Ni kuvu ya ukoo ule ule isiyokuwa na sumu, iliyopakwa juu ya punje za mtama. Hutawanywa shambani kilo 4 kwa eka moja, majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Hiyo hukalia nafasi ya kuvu yenye sumu. Lakini haimwondolei mkulima kazi ya kukausha.

Na ninyi makarani na waalimu, msomao magazeti, mna kazi yenu. Mara nyingi habari ya kwanza ya maradhi haifiki Nairobi. Hufika mezani pa karani wa zahanati au sikioni mwa mwalimu. Mkisikia kwamba nyumba mbili za kijiji kimoja zina wagonjwa wa manjano, msingojee ya tatu. Pelekeni habari kwa afisa wa afya siku ile ile, mkaulize pia ghalani mna nini.