Skripti na Folda Yake

Katika mialo ya Ziwa Victoria, tangu Dunga karibu na Kisumu hata Usenge na Mbita, uzito wa omena, mbuta na ngege hutiwa daftarini. Na pindi hesabu hizo zihamishiwapo katika kompyuta, skripti fupi ya Python yaweza kujumlisha kwa nukta chache yale ambayo karani angeyashughulikia kutwa nzima. Tuseme skripti hiyo, hesabu.py, imewekwa katika folda moja na faili ya omena.csv, na mwandishi wake ameiamuru ifungue omena.csv pasipo neno zaidi. Akiiendesha hali yumo ndani ya folda ile, hupata jawabu. Akiikabidhi kwa cron, mtumishi wa Linux aendeshaye kazi kwa saa maalumu, huamka asubuhi akakuta FileNotFoundError, ijapokuwa faili haikusogea hata shubiri.

Sababu ni kwamba jina tupu la faili hutafutwa katika folda ya kazi, yaani mahali ambapo amri ilitolewa, wala si mahali ambapo skripti imehifadhiwa. Na cron kwa kawaida huanzia katika folda ya nyumbani ya mtumiaji. Basi folda ya kazi si kwao skripti: mvuvi wa Dunga aulizwapo kwao ni wapi hataji maji ambamo mashua yake yaelea saa hiyo.

Dawa ni skripti ijiulize yenyewe kwao ni wapi. Python huweka katika __file__ njia ya faili iendeshwayo, ila kabla ya toleo la 3.9 la mwaka 2020 njia hiyo, kwa skripti kuu, iliweza kuwa pungufu. Kwa hiyo yafaa kuandika Path(__file__).resolve().parent, kwa maktaba ya pathlib iliyoingia mwaka 2014, ambayo huikamilisha njia, na ikiwa jina lile ni kiungo tu hukifuata hata faili halisi, kisha hutoa folda yake. Mstari huo sharti utangulie amri yoyote ya kuhama folda. Katika PowerShell kazi hiyo hufanywa na $PSScriptRoot.

Tena, Unix hutenga folda kwa mkwaju, /, ilhali MS-DOS ilipopata folda katika toleo la 2.0, mwaka 1983, ilikuta alama hiyo imekwisha kutumiwa kwa vibadili vya amri, ikashika \, na Windows ikairithi. Basi njia zisiungwe kwa mkono. Pathlib iachiwe kazi hiyo. Fauka ya hayo, Linux hupambanua Omena.csv na omena.csv, jambo ambalo Windows kwa kawaida hailijali.

Desturi ya kuandika njia nzima ianzayo na C:\Users ikifuatwa na jina lako naiona mbaya kuliko zote, kwa kuwa humfungia nje mwenzako aliye Homa Bay, ambaye kompyuta yake haina jina lako.

Ewe uandikaye skripti, toka leo katika folda yake, uiendeshe kutoka folda nyingine. Ikikosa faili zake, itengeneze kabla hujampa mtu.