Je, Wajua? Punje Iliyotangulia Majabali

Je, wajua kwamba kitu kikongwe kabisa chenye asili ya dunia hii kilichopata kupimwa umri si mlima wala jabali, bali ni punje ya madini ya zirkoni isiyozidi robo ya milimita, iliyookotwa katika vilima vya Jack Hills, magharibi ya Australia? Mwamba ulioizaa ulimomonyoka ukatoweka. Yenyewe, kwa ugumu wake, ikachukuliwa na maji hata ikatuama kati ya changarawe zilizogandamana kuwa jabali yapata miaka milioni 3,000 iliyopita.

Siri yake haikufichuliwa na taifa moja. Simon Wilde na wenzake wa Perth walihesabu urani iliyokwisha kugeuka risasi ndani yake, wakapata miaka milioni 4,400. Kisha punje hiyo ikasafirishwa hadi Edinburgh, huko Uskochi, ambako Colin Graham, pamoja na John Valley na William Peck kutoka Marekani, waliipima oksijeni yake. Matokeo yalitangazwa Januari 2001, nayo, kwa hakika, yalikuwa ya ajabu: oksijeni ile ilikuwa nzito kupita kiasi kilichotazamiwa, dalili kwamba mwamba wa asili uliwahi kukutana na maji, zama ambazo wataalamu wengi waliidhani dunia kuwa bahari ya moto mtupu. Wako wasioridhika na tafsiri hiyo, na hoja zao si za kupuuzwa, lakini mwaka 2014, atomi za risasi zilipohesabiwa mojamoja katika punje nyingine ya vilima hivyo, ilithibitika kwamba umri mkongwe namna hiyo ni wa kuaminika.