'Hook Up' Ina Maana Ngapi? Soma Hii Kabla Ujibu Hiyo DM

Uko Kitengela, umetarmac mpaka soli imeisha, halafu msee anakutext: "Kuja Kajiado tuhook up, tuongee ile story ya job." Kabla uitishe fare, jua hilo neno linabeba nini.

"Hook" ni ndoano. Ukiongeza "up", maana zinakuwa nne:

1. Kuunganisha vitu. Fundi akihook up spika kwa TV, hakuna noma.

2. Kusaidia mtu apate kitu. "Nihook up na job ya EPZ" ni kuomba connection hapo Athi River.

3. Kukutana. Mbogi ikisema "tuhook up Sato", ni nyama choma na story.

4. Kulala pamoja bila kudate. Hata Marekani maana hii haina mpaka: wengine wanamaanisha kukiss tu, wengine ngono. Na ukiona "hookup" kwa tangazo la Telegram, mara nyingi hiyo ni ngono ya kulipiwa.

Kwa Kizungu, mpangilio unasaidia. "Hook me up with" ni kusaidiwa, "hook up with" ni nyinyi wawili. Sheng inameza hiyo tofauti, juu "ni" yetu ina kazi mbili. "Nihook up na boss wako" inaweza kuwa "niunganishe na boss wako", ama "wacha mimi na boss wako tu..." Umeshika rada.

Hapo ndipo wajanja hujificha. Anatuma akimaanisha namba nne, ukimkalia ngumu anaruka hadi namba mbili: "Kwani ulifikiria nini? Nilikuwa nataka kukusaidia."

Na si mchezo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inasema mwajiri ama mwakilishi wake akimwitisha mfanyakazi ngono kwa ahadi ya kumpendelea kazini, huo ni unyanyasaji wa kingono. Kampuni yenye wafanyakazi 20 kwenda juu lazima iwe na sera ya kuupinga.

Kwa hivyo, ukiomba kazi, andika "niunganishe" ama "nisaidie kupata". Ukitumiwa "tuhook up", uliza: kampuni gani, ofisi iko wapi, saa ngapi, nibebe karatasi gani? Mwenye kazi atakujibu moja kwa moja. Mwenye ndoano atakuambia, "Wewe kuja kwanza."