Waogiek wa Mau na Maji ya Mto Mara

Mkulima wa Nyacheki, katika eneo la Bobasi kusini-mashariki mwa Kaunti ya Kisii, anaishi kati ya mito miwili mikubwa ambayo yote humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Wa kwanza ni Gucha, unaoanzia vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, ukapita katikati ya mashamba ya Abagusii na kuteremka hadi Migori, ambako huitwa Kuja. Wa pili ni Mara, ulio upande wa mashariki ukishavuka Trans Mara, na ambao uhai wake hutegemea Msitu wa Mau na, kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu yoyote iliyoandikwa, umetegemea pia watu walioishi katika msitu huo, yaani Waogiek. Habari za watu hawa zinawahusu wakulima na wafugaji wote wa magharibi mwa Kenya, kwa sababu kila mahali walipoondolewa msituni, miti haikukawia kuwafuata.

Mau ni msitu wa mvua wa milimani, maana yake ni msitu wa asili unaomea nyanda za juu zenye mvua nyingi na ukungu, tofauti na misitu ya mvua ya mabondeni kama ile ya Kongo. Eneo lake ni takriban hekta 400,000, na hesabu hiyo huufanya uwe msitu wa asili wa milimani ulio mkubwa kuliko yote nchini Kenya. Mvua inayonyesha huko, ambayo ni kati ya milimita 1,000 na 2,000 kwa mwaka, haiteremki bondeni yote kwa mara moja. Matone hupokewa kwanza na majani ya miti mirefu, kisha na vichaka na mianzi, kisha na tabaka la majani yaliyooza ambalo hufyonza maji na kuyaachilia polepole ardhini, hata yatokeze kama chemchemi miezi kadhaa baada ya mvua kukatika. Miti ikikatwa na ardhi ikilimwa, maji yale yale hukimbia juu ya udongo na kuubeba, na matokeo yake ni mafuriko wakati wa masika na vijito vilivyokauka wakati wa kiangazi.

Mito kumi na miwili hupata maji kutoka Mau, ikiwemo Sondu, unaozungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60, Nyando, Njoro na Ewaso Ng'iro ya Kusini. Mara wenyewe huanzia katika kinamasi cha Enapuiyapui, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,900, na hupata nguvu pale mito ya Amala na Nyangores inapoungana. Kutoka hapo huvuka mbuga ya Maasai Mara, ukaingia Tanzania kupitia kaskazini ya Serengeti, na baada ya safari ya karibu kilomita 395 hufika ziwani karibu na Musoma. Katika mfumo mzima wa Serengeti na Mara, huu ndio mto mkuu usiokauka, na nyumbu zaidi ya milioni moja huutegemea miezi ya kiangazi. Kwa sababu hiyo Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, tangu mwaka 2012.

Waogiek ni jamii ya wawindaji na warina asali inayozungumza lugha ya kundi la Kikalenjin, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa watu 52,596. Kwa desturi yao, msitu haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake, liitwalo konoito, ambalo lilipanda mlima kutoka ukingo wa chini wa msitu hadi kwenye mianzi ya juu, na mipaka yake ilitambuliwa kwa mito, mabonde na miinuko. Mgawanyo huo ulifuata mwenendo wa nyuki, kwani maua hayachanui kwa wakati mmoja katika kila mwinuko, na mtu mwenye mizinga chini, katikati na juu aliweza kurina asali kwa misimu mbalimbali pasipo kuingia katika eneo la ukoo mwingine.

Mzinga wenyewe hutengenezwa kwa gogo, aghalabu la mwerezi kwa kuwa mti huo hauozi upesi, ambalo hupasuliwa sehemu mbili, likachongwa ndani hadi libaki ganda, kisha vipande vikaunganishwa tena na kupandishwa juu ya mti mrefu. Mrinaji hupanda na kijinga kinachofuka moshi ili kuwatuliza nyuki, akakata masega na kuyashusha katika mfuko wa ngozi. Asali hiyo ilikuwa chakula, dawa, pombe ya sherehe, sehemu ya mahari na bidhaa ya kubadilishana na Wamaasai kwa mifugo. Jamii ambayo utajiri wake wote umetundikwa juu ya miti haina sababu ya kuikata, na hapa ndipo ulinzi wa Mau ulipokuwa na mizizi yake, muda mrefu kabla ya nchi kuwa na askari wa misitu.

Serikali ya kikoloni haikuutambua umiliki huo. Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 hadi 1934, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter, ilipendekeza Waogiek wahamishiwe katika maeneo ya makabila jirani, kana kwamba hawakuwa na ardhi yao. Baada ya uhuru msitu uliendelea kuwa mali ya serikali, na mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau ya Mashariki zilimegwa na kugawiwa watu, ambao wengi wao hawakuwa Waogiek. Kisha mnamo Oktoba 2009, kwa hoja ya kuokoa chanzo cha maji, Waogiek wenyewe walipewa notisi ya siku 30 waondoke.

Kesi yao ilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, na hukumu ikatolewa tarehe 26 Mei 2017. Majaji waliamua kwamba Waogiek ni wenyeji wa asili wa Mau, kwamba haki zao za ardhi, utamaduni, dini na maendeleo zilivunjwa, na kwamba uharibifu wa msitu hauwezi kuwa sababu ya kuwafukuza, kwa kuwa ushahidi ulionyesha umetokana na uvamizi wa watu wengine pamoja na ugawaji wa ardhi uliofanywa na serikali. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 za Kenya kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara ya utu wao, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati ya jamii katika muda wa miaka miwili. Hata hivyo, Novemba 2023 familia za Waogiek wa Sasimwani, Narok, zilibomolewa nyumba na kuondolewa tena.

Yaliyowapata si ya Kenya peke yake. Batwa wa Uganda waliondolewa katika msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, nao Wambuti wa msitu wa Ituri waliishi bila sheria ya kuwalinda hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotunga sheria ya watu wa asili mwaka 2022.

Kenya haina upungufu wa sheria, kwani kifungu cha 63 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja waziwazi kuwa ardhi ya jadi ya jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Kinachosubiriwa ni utekelezaji. Wakazi wa Kisii na Nyamira, ambao wameona chemchemi zikififia pale mikaratusi ilipojaa kingo za mito, wana kila sababu ya kuwataka wabunge wao waihimize serikali itii hukumu ya Arusha, iwape Waogiek hati ya ardhi yao na kuwashirikisha katika ulinzi wa Mau. Haki hiyo wakinyimwa wao, atakayekosa maji ni kila anayeishi chini ya msitu ule.