Mashini ikiharibika ndani ya garanti: namna ya kubadilishiwa bila kugombana

Ndugu finalisti, ndugu lisansie, leo tuache kidogo mambo ya kutafuta kazi, tuzungumze mambo ya mashini. Wengi wetu tunakusanya dola moja moja, tunanunua ordinatere kubwa Bunia ao Kampala. Siku inaharibika, tunanyamaza, juu tunafikiri garanti ni karatasi tu ya kufungia karanga. Si kweli. Lakini garanti haisemi yenyewe, ni wewe wa kuisemesha.

Mimi ni agronome, niko Aveba. Mwaka jana nilinunua mashini ya gemu kwa dola 850 katika butiki moja ya Bunia. Musicheke. Mashini za gemu ziko na karti grafiki yenye nguvu, na hiyo njo inaniwezesha kuunganisha picha za droni na kuchora ramani za mashamba ndani ya QGIS. Na mangaribi, ndiyo, tulikuwa tunacheza mpira na wadogo zangu. Siku ya 9 ikaanza kujizima yenyewe, pap, kama mutu amechomoa uzi. Nilikuwa na kazi ya ramani ya kutoa ndani ya mwezi moja. Kazi hiyo njo ilikuwa inarudisha zile dola 850.

Kosa la kwanza nilikaribia kulifanya usiku ule ule. Binamu yangu anajua kutengeneza telefone, akasema tufungue tuone. Tungefungua, ile karatasi ndogo juu ya skuru ingepasuka, na mwenye butiki angekuwa na sababu ya kukataa. Mashini ikiwa ndani ya garanti, usifungue, hata kama binamu yako ni fundi wa kweli.

Garanti ziko tatu, musizichanganye

Ya kwanza ni ya butiki: ile iliyoandikwa kwenye faktire, miezi 3 ao 6. Ya pili ni ya kiwanda: mara nyingi mwaka 1. Hiyo inafuata namba ya seri, na mara nyingi iko na nchi yake. Mashini iliyouzwa kwa soko la Dubai inaweza kufika Bunia ikiwa mupya kabisa, lakini kiwanda hakitaihudumia hapa kwetu.

Ya tatu ni ya sheria, na hiyo wengi hawaijui. Kitabu cha 3 cha Kodi sivili yetu, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema muuzaji anajibu juu ya kasoro zilizofichwa za kitu alichouza. Munuaji anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa bei yake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini asichelewe. Muone vizuri: sheria hiyo inasema juu ya kurudishiwa bei. Kubadilishiwa mashini kunatoka kwa garanti iliyoandikwa, ao kwa mapatano yenu. Ndiyo maana maandishi ya faktire ni ya maana sana. Artikle 33 ya kitabu hicho hicho inasema mapatano yaliyofanywa kisheria yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya.

Wengine watakuambia OHADA. Kweli, inchi yetu iko ndani yake tangu tarehe 12 Septemba 2012. Lakini kanuni zake za mauzo ya biashara ni za wafanyabiashara kati yao. Mwanafunzi anayenunua mashini kwa matumizi yake mwenyewe abaki na Kodi sivili.

«Ni umeme wenu wa kijiji»

Nilipanda moto mpaka Bunia, mashini ndani ya blanketi. Mwenye butiki alinipokea vizuri, lakini jibu lake lilikuwa tayari.

— Papa, mashini iko najizima yenyewe nikifungua gemu.
— Muko natumia nini kule? Paneli? Basi ni umeme wenu, mwanangu. Mashini haiko na shida.

Nilikasirika, lakini papa yule hakusema ujinga. Shaja ya mashini ya kawaida inaomba wati 45 ao 65. Shaja ya mashini ya gemu inaweza kuomba wati 180, 200 na zaidi. Konvertisere ndogo ya wati 300, yenye kubeba televizio na taa, inaweza kulegea wakati karti grafiki inavuta kwa nguvu. Kwa hiyo jaribio la nyumbani Aveba halikuonyesha kitu, wala kwangu, wala kwake.

Na kujaribu kwenye batri peke yake pia ni mutego. Mashini za gemu zikiwa kwenye batri zinapunguza zenyewe nguvu ya karti grafiki. Basi mashini inaweza kutembea saa nzima bila kuzimika, na muuzaji atasema: unaona, batri iko sawa, umeme wako njo mubaya.

Jaribio la kweli ni hili: umeme wa butiki, shaja iliyotoka ndani ya kartoni, mashini juu ya meza ngumu isiyoziba hewa, gemu ile ile, na muuzaji mwenyewe akiangalia. Nikamwomba kwa heshima: «Papa, tuiweke hapa kwenu dakika 30.» Dakika ya 12 ikazimika. Nikapiga video, saa ya ukutani ikionekana. Toka hapo maneno ya umeme wa kijiji yakaisha.

Jambo lingine la kusaidia: Windows inaandika daftari yake. Fungua daftari ya matukio, tafuta Kernel-Power namba 41. Haisemi sababu, inasema tu kwamba mashini iliwaka tena bila kuzimwa vizuri. Lakini inatoa tarehe na saa. Mimi nilikuwa na mara 17 ndani ya siku 4. Namba inasemesha kuliko hasira.

Kutengeneza kwanza, kubadilisha baadaye

Butiki nyingi hazibadilishi siku ya kwanza. Wanataka kutengeneza, na kama faktire inasema hivyo, ni haki yao. Wewe omba karatasi ya kuachia mashini: namba ya seri, shida kwa maneno wazi («inajizima ikicheza gemu, imeonekana butiki», si «haitembei muzuri»), hali ya mashini, tarehe, sinyatire. Na uulize siku ya kurudi.

Hapa njo nilipoteza. Sikutoa data zangu kwanza. Walifuta diski na kuweka Windows mupya, na vipimo vya siku 4 za shambani vikaenda. Garanti haibebi data ya mutu. Nilirudi shambani kwa miguu kupima tena, na wakulima waliniuliza kama nimesahau shule. Kabla ya kutoa mashini mukononi, weka kila kitu kwenye diski ya inje.

Wiki 3 baadaye wakanirudishia. Nikaijaribu pale pale kabla ya kutoka: ikazimika. Sasa nilikuwa na video mbili na karatasi yao wenyewe yenye kusema imetengenezwa. Sikupiga kelele. Nilisema: «Papa, mulijaribu kutengeneza, haikuwezekana. Tubadilishe, ao munirudishie bei.» Akabadilisha.

Lakini hawakuwa na ile ile. Alinipa nyingine. Tukio hili si la Bunia tu. Mwaka 2008 NVIDIA ilitangaza kwamba imetenga dola milioni 150 mpaka 200 juu ya karti grafiki za ordinatere zilizokuwa zinakufa kwa sababu ya joto. Kesi ikafikia mapatano Marekani mwaka 2010, na wateja wengine walipewa mashini ya bei ndogo kuliko ile yao. Wakalalamika. Basi, ukipewa nyingine, linganisha prosesere, karti grafiki, memwari na diski. Ikiwa ndogo, omba tofauti ya bei. Mimi nilipata karti grafiki sawa, diski ndogo, na dola 40 mukononi. Omba pia faktire mupya yenye namba ya seri mupya. Bila hiyo, umebadilishiwa mashini na umepoteza garanti.

Ukinunua mbali

Kampala, sheria ya mauzo ya mwaka 2017 inamulinda munuaji, lakini lazima umurudie muuzaji wa kule: hesabu safari na dwani kabla ya kufurahia bei. Ndugu aliye Ulaya akikutumia mashini mupya, sheria ya kule inampa munuaji miaka 2 kwa uchache, ila garanti iko kwa jina lake na muuzaji wake. Abaki na faktire. Ukiirudisha kwa ndege, kumbuka batri: mupaka wa kawaida kwa musafiri ni wati-saa 100, na batri iliyovimba hairuhusiwi kabisa.

Siku ya kununua, kabla ya kutoa pesa, fanya mambo manne. Linganisha namba ya seri chini ya mashini, juu ya kartoni na kwenye faktire. Iingize kwenye saiti ya kiwanda, uone inchi na tarehe. Andikisha muda wa garanti, na neno «kubadilisha ao kurudisha bei kama haitengenezeki». Kisha fungua gemu pale pale, nusu saa. Muuzaji akikataa nusu saa leo, huyo hatakupa wiki 3 kesho.

Ramani nilizitoa, siku 5 nyuma ya tarehe. Walinilipa.