Presha haipimwi kwa kichwa kuuma

Kigoma. Kutoka Kibirizi hadi Ujiji, wapo wanaoamini kwamba presha ni ugonjwa wa mawazo, na kwamba ikipanda lazima kichwa kiume. Imani hiyo inawachelewesha wengi. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Mtu anavua, anauza migebuka, analea, huku moyo, figo na ubongo vikiumia kimyakimya hadi siku anapopata kiharusi.

Mashine hutoa namba mbili. Ya juu ni msukumo wa damu moyo unapopiga, ya chini ni moyo unapopumzika. Kwa mtu mzima, chini ya 120/80 ni nzuri. Kituoni ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Nyumbani mpaka ni 135/85, kwa kuwa wengi hupata hofu wakiwa mbele ya daktari.

Shida iko kwenye kupima kwenyewe. Mama amepandisha kilima na ndoo ya maji kichwani, anakaa, anafungwa mkanda juu ya sweta huku anasimulia ya sokoni. Namba itakayotoka si yake. Kaa kwanza dakika 5, umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono ukiwa wazi juu ya meza, usawa wa moyo. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara, na uwe umekwenda haja ndogo. Usiongee. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kwa siku 7. Andika zote, hata kwenye daftari la zamani la mtoto. Za siku ya kwanza ziache, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Mkanda uwe wa mkono wa juu na ukutoshe. Ukibana, namba hupanda bure.

Halafu kuna chumvi. Mkoa huu umechemsha chumvi Uvinza kwa karne nyingi, na haikosi jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula. Samaki waliokaushwa kwa chumvi waloweke, umwage maji, na mchuzi usiuongezee nyingine.

Mjamzito mwenye 140/90 asisubiri siku 7. Aende kliniki siku hiyohiyo, hasa akivimba uso, kichwa kikimgonga au macho yakiona ukungu. Kifafa cha mimba huanza hivyo. Mwingine yeyote akisoma 180/120, atulie apime tena. Isiposhuka, aonane na mhudumu wa afya siku hiyo. Kifua kikiuma, mdomo ukipinda au mkono ukikosa nguvu, apelekwe hospitali papo hapo, Maweni kwa walio mjini.

Aliyeandikiwa dawa asiziache namba zikishuka. Arudi kwa aliyemwandikia, na daftari aende nalo.