Prosesa inaposingiziwa joto

Mwenye steshenari mmoja hapa Mwanza aliniletea kompyuta yake ya mezani akiwa ameshaikatia tamaa. Programu ya HWMonitor ilikuwa inaonyesha nyuzi 127 kwenye mstari ulioandikwa TMPIN2, na fundi mwingine alishamwambia prosesa imeungua, anunue nyingine. Niliiwasha, nikaiacha ifanye kazi kidogo, kisha nikagusa chuma cha kupoozea prosesa. Kilikuwa vuguvugu tu. Prosesa za siku hizi hujipunguza kasi zikikaribia kikomo chao cha joto, ambacho kwa nyingi ni karibu nyuzi 100, na joto likizidi hapo mashine hujizima. Kompyuta yenye prosesa ya nyuzi 127 isingebaki imewaka ituonyeshe namba.

“Sasa fundi, hiyo 127 imetoka wapi?” akaniuliza.

Kwenye mazabodi kuna chipu ndogo inayosoma joto, volti na mzunguko wa feni. Ina miguu kadhaa ya kupokea taarifa za sensa, na mtengenezaji wa bodi halazimiki kuitumia yote. Mguu usiounganishwa na sensa yoyote hauna cha kusema, ila programu inausoma vilevile. Joto hilo huandikwa kwa biti 8, ambazo hubeba namba kuanzia -128 hadi 127, kwa hiyo mguu mtupu mara nyingi huangukia kwenye ncha mojawapo. Tulifungua kazi nzito tukatazama. Joto la viini vya prosesa lilipanda mara moja, tulipoifunga likashuka. Ile 127 haikutikisika. Mteja akaondoka na prosesa yake ileile.

Kuna kosa jingine lililojificha zaidi. Wengi wanadhani prosesa ya Intel hutamka moja kwa moja kwamba ina nyuzi 45. Sensa yake hutaja umbali uliobaki kufika kikomo, kama konda anayekwambia vimebaki vituo vitano kufika stendi: usipojua stendi ni ipi, hujui uko wapi. Programu inachukua kikomo, inatoa umbali, inakuandikia jibu. Enzi za Core 2 Duo prosesa haikuwa na mahali pa kuaminika pa kusoma kikomo hicho, hivyo watunzi wa programu walikisia. Tuseme kikomo halisi ni nyuzi 100 na umbali ni 60: joto ni 40. Programu ikidhani kikomo ni 85, utaandikiwa 25. Mchana wa Mwanza chumba chenyewe kina 28, na feni haiwezi kuipooza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoipuliza. Ukiona hivyo, hesabu imekosewa. Tangu Core i7 za kwanza za 2008 programu inaweza kusoma kikomo kwenye prosesa yenyewe, lakini mashine za zamani bado zipo maofisini na zinafika mezani kwangu.

AMD nao walizua taharuki mwaka 2017. Ryzen 7 1700X na 1800X zilitoa namba iliyoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi, ili feni zifuate utaratibu mmoja kwa prosesa zote za familia hiyo. Prosesa yenye 38 ilionekana ina 58. Programu mpya inajua kuziondoa hizo 20. Ya zamani haijui. Ndiyo maana kabla sijashika bisibisi napakua toleo jipya la programu, na nahakikisha hakuna programu nyingine ya aina hiyo iliyo wazi, kwani mbili zikiihoji chipu moja kwa pamoja zinaweza kuvurugiana majibu.

Kasi nayo huleta ugomvi. Mtu kanunua mashine ya GHz 3.2, programu inamwonyesha 0.8, anaamini ameuziwa feki. Prosesa isiyo na kazi hupunguza kasi ili kuokoa umeme. Ipe kazi, utaiona ikipanda.

Lakini nakuomba sana usiizoee namba kubwa kwa kuwa umesoma hapa kwamba namba hudanganya. Mwanafunzi mmoja alikuja na laptopu inayogonga 98 kila akifungua video, akiwa ameshaambiwa na wenzake kuwa ni programu tu. Kila joto lilipofika hapo, kasi ilianguka papo hapo, na programu ya pili, iliyofunguliwa peke yake, ikatoa joto lilelile. Hapo hapakuwa na uongo. Nilipoifungua, vumbi lilikuwa limeziba njia yote ya hewa na pesti ya kupitisha joto imekauka, inakwanguka kwa ukucha kuwa unga wa kijivu. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya, nikaiwekea video ileile. Ikatulia kwenye 74, kasi ikabaki juu mpaka video ikaisha.